Viti Vinavyopanda Ngazi: Jirani Zetu Wakristo na Hatua ya Sita





Katika mitaa ya Berea na Yeoville yako majengo ambayo lifti zake zilikufa zamani na hakuna aliyezizika. Jengo tulilokuwa tukikaa sisi lilikuwa mojawapo. Kila Jumatano baada ya Magharibi palikuwa na kishindo ngazini ambacho mgeni angedhani ni ugomvi: viti vya plastiki, vyeupe na vya buluu, vikigonga kuta huku vikipandishwa ghorofa hadi ghorofa. Wiki hii vinapelekwa ya tatu, wiki ijayo ya saba. Watoto wetu wakauliza, "Baba, leo kuna harusi?" Nikawajibu kwamba hao ni majirani Wakristo, Wakongo na Watanzania wenzetu, wanakwenda katika ibada yao, kisha nikafunga mlango. Kwa muda wa miaka miwili hilo ndilo lililokuwa jibu langu zima.

Makala haya nayaandika kwa sababu ya mlango ule niliokuwa nikiufunga.

MGONJWA WA GHOROFA YA TANO

Palikuwa na mama mmoja wa kwetu, mwenyeji wa Tanga, Mwislamu mwenzetu, akikaa ghorofa ya tano na watoto wawili wadogo. Mumewe ni dereva wa malori ya njia ya Lubumbashi. Foleni ya Kasumbalesa ikimkamata huweza kupita wiki tatu asionekane. Mwezi mmoja wa Julai, baridi ya mji huu ikiwa imekaza, mama yule akashikwa na homa ya mapafu. Alilala kitandani siku tisa.

Siku ya kumi mke wangu alimkuta mtoto wake mmoja ngazini akirudi shule, amevaa sweta lisilo lake, mkono wake umeshikwa na mama wa Kikongo wa ghorofa ya tatu. Hapo ndipo tulipopata habari. Tulipanda mbio. Tulimkuta mgonjwa amelala katika shuka safi, chupa ya uji iko ubavuni pake, dawa zimepangwa kwa saa zake. Ukutani ilikuwa imebandikwa karatasi ya daftari yenye zamu za juma zima: Jumatatu fulani, Jumanne fulani, mpaka Jumapili. Majina yote saba yalikuwa ya wanawake wa vile viti. Chini kabisa, kwa mwandiko mwingine, paliandikwa: "Nyama asipewe ila ya halali. Inunuliwe Fordsburg."

Ndugu zangu, sitaficha. Nilipousoma mstari ule niliona haya. Mimi na mumewe tulikuwa tukiswali safu moja kila Ijumaa awapo mjini. Tulipeana mikono, tukaulizana hali, tukakumbushana habari za Tanga na Pangani. Lakini hata namba ya mlango wake nilikuwa siijui. Walioijua ni watu ambao dini yao na yetu ni mbalimbali, nao walijua hata kile tusichokula.

Jioni nikashuka ghorofa ya tatu kutoa shukrani. Nikamwuliza yule mama, "Mama, mlijuaje kwamba anaumwa?" Akacheka kidogo, akasema kwa Kiswahili chao cha Lubumbashi, "Papa, ni hatua ya sita." Sikumwelewa. Akaongeza, "Ukuye siku ya tatu, utaona." Siku ya tatu kwao ni Jumatano.

NILIYOYAONA

Nilikwenda, kwa sharti tulilokubaliana mapema: mimi ni mgeni, nitakaa karibu na mlango, na katika sala zao sitashiriki. Walilipokea sharti hilo bila kinyongo. Walikuwa watu kumi na wanne katika sebule ndogo, wengi wao wanawake: mwuza mitumba, mshonaji, mlinzi wa usiku aliyekwisha kuvaa sare ya kazi, fundi wa magari, wanafunzi wawili, na wengineo. Padri hakuwapo, wala hakutarajiwa. Aliyeongoza ni yule mshonaji, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini.

Utaratibu wao una hatua saba. Kwanza humwalika Mola wao kwa dua fupi. Pili husoma kifungu cha Injili. Tatu, kila mmoja huchagua neno au sentensi iliyomgusa, akaitamka mara mbili tatu, bila kueleza wala kuhubiri. Nne, hukaa kimya kwa dakika kadhaa. Tano, kila apendaye hueleza namna neno lile lilivyomgusa katika maisha yake. Hapo hakuna mabishano, na asemaye hakatizwi. Hatua ya saba, ambayo ndiyo ya mwisho, kila mtu huomba kwa maneno yake mwenyewe, kisha wakafunga kwa sala wanayoijua wote.

Nimeiruka ya sita kwa makusudi. Ilipofika zamu yake, mshonaji alikifunga kitabu chao kitakatifu, akafungua daftari la kawaida la shule, akauliza: Nani hayupo leo, na kwa nini? Nani anaumwa jengoni? Nani amefiwa? Nani amefukuzwa kazi? Nani amehamia wiki hii na hana mtu? Kila jina lilipoandikwa, swali la pili lilifuata papo hapo: nani atakwenda, na lini? Kijana mmoja akasema juu ya mgonjwa fulani, "Huyo tumwombee tu." Mshonaji akamjibu bila kuinua macho, "Kuomba ni hatua ya saba. Bado tuko ya sita."

Ndivyo mama wa Tanga alivyojulikana. Mtoto wa mmoja wao alisema nyumbani kwamba mwenzake wa darasani, wa ghorofa ya tano, amekuja shule siku mbili bila mkate. Mama yake akalileta neno lile katika hatua ya sita. Hakuna aliyeuliza mgonjwa ni wa dini gani mpaka ulipofika wakati wa kununua nyama.

VITI HIVI VILITOKA WAPI

Nilipenda kujua asili ya jambo hili, nikauliza na kusoma. Wakristo wenyewe huona chimbuko lake katika kitabu cha Matendo ya Mitume, kinachosimulia jinsi wafuasi wa mwanzo kule Yerusalemu walivyokutana majumbani, wakila pamoja na kuuza mali zao ili asiwepo mhitaji miongoni mwao. Majengo makubwa ya makanisa yalikuja baadaye. Huko Dura-Europos, katika nchi ya Syria, wachimbuaji wa mambo ya kale walifukua katika miaka ya 1930 nyumba ya kawaida iliyokuwa imegeuzwa kuwa mahali pa ibada ya Kikristo katika karne ya tatu.

Lakini kwa upande wa Afrika Mashariki jambo hili lina tarehe yake. Mwezi wa Desemba 1973 maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, pamoja na wenzao wa Malawi na Zambia, walikutana Nairobi wakaamua kwamba maisha ya kanisa lao yajengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo za waumini. Mwaka 1976 wakalithibitisha azimio hilo. Sababu ilikuwa wazi. Parokia moja ilikuwa na maelfu ya watu waliotawanyika katika vigango, na mapadri wake ni mmoja au wawili. Mtu aliweza kuhudhuria misa mwaka mzima na hakuna aliyejua jina lake; akiugua, hakuna aliyeona pengo. Basi wakaona kanisa lishuke mpaka kwenye nyumba chache zinazoonana kwa macho, watu wa mtaa mmoja, wakutane kila wiki kwa zamu nyumba kwa nyumba. Sisi tuliokulia Tanzania tunaweza kulielewa upesi kwa kumkumbuka balozi wa nyumba kumi. Walutheri wa Tanzania nao wana jumuiya zao, na leo ni vigumu kupita mtaa wa Dar es Salaam, Mwanza au Moshi usisikie habari za jumuiya.

Ndugu zetu wa Kongo walikwisha kuanza njia hii kabla. Kule Katanga, katika miaka ya 1950, padri mmoja Mfransisko wa Kibelgiji, Placide Tempels, yule aliyepata sifa kwa kitabu chake cha mwaka 1945 juu ya falsafa ya Wabantu, alianza kukutana na wachimba shaba wa Kolwezi na wake zao. Walizungumza kwa Kiswahili juu ya mambo matatu: uzima, uzazi na mapendo. Kundi lao likaenea katika miji ya migodi, na jina walilolichagua ni Jamaa. Baadaye wakubwa wa kanisa waliingiwa na wasiwasi juu ya mafundisho ya baadhi ya makundi hayo, mpaka pakawa na makatazo. Hata hivyo, msomaji, litazame jina lenyewe. Wachimba shaba Wakristo wa Kolwezi walipotafuta neno la kueleza watu wanaobebana katika imani, waliliona katika lugha yetu, nalo ni lile lile tunalolitamka tunaposema sala ya jamaa.

Na hatua saba je? Hapa nilistaajabu zaidi. Nilidhani zimetoka Roma au Ulaya. Kumbe zilitoka katika nchi hii hii tunayoishi. Mwaka 1962 Wakatoliki wa Afrika Kusini walianzisha chuo kilichoitwa Lumko, karibu na Lady Frere katika nchi ya Waxhosa; baadaye kikahamia Germiston, mwendo mfupi tu kutoka hapa mjini. Mapadri wawili wa Kijerumani waliofanya kazi katika chuo hicho, Fritz Lobinger na Oswald Hirmer, ambao wote wawili walikuja kuwa maaskofu, walitunga vitabu vyepesi vya kuwafundisha watu wa kawaida kuongoza mikutano yao bila padri. Ndimo zilimotoka hatua saba, zikasafiri hadi Nairobi, Dodoma na hata Asia. Kwa hiyo yule mshonaji aliyezijua tangu kwao alikuja nazo Johannesburg, asijue kwamba amezirudisha zilikozaliwa.

MLANGO WA PRITCHARD STREET

Huenda msomaji akasema: kupeleka uji si jambo kubwa, kila mwenye moyo hufanya. Ni kweli. Lakini mazoea ya madogo ndiyo yanayompa mtu nguvu siku ya makubwa. Mji huu umeshuhudia mfano ambao sisi wageni hatuna haki ya kuusahau.

Katikati ya mji, katika Pritchard Street, liko kanisa la Wamethodisti lijulikanalo kama Central Methodist. Katika miaka ya 2000, nchi ya Zimbabwe ilipoharibika kiuchumi na kisiasa, wakimbizi walianza kulala humo kwa idhini ya askofu Paul Verryn. Walianza wachache, wakawa mamia, na katika kilele chake walikuwa maelfu. Walilala ngazini, kwenye vijia, na kati ya viti vya ibada. Watu wa nchi nyingine nao walikuwamo. Asubuhi waliamka, wakakunja mablanketi, na ibada ikaendelea mahali pale pale. Mwaka 2008 ikafunguliwa shule ya watoto wa wakimbizi katika Albert Street.

Usiku wa tarehe 30 Januari 2008 polisi walilivamia jengo hilo, wakavunja milango na kuwakamata watu zaidi ya elfu moja. Miezi minne haikutimia, mwezi wa Mei mwaka huo huo, ghasia dhidi ya wageni zilizuka Alexandra zikaenea nchini. Watu 62 waliuawa, na makumi ya maelfu walikimbia nyumba zao. Wengi wetu twakumbuka usiku zile: namna tulivyozima taa mapema, namna tulivyowafundisha watoto wasiseme Kiswahili kwenye teksi. Watu walikimbilia vituo vya polisi, kumbi, miskiti na makanisa. Wengi walikimbilia pale Pritchard Street, kwa sababu ulikuwa mlango uliojulikana kwamba haufungwi.

Isidhaniwe kwamba jambo hili lilikuwa tamu kwa waumini wenyewe. Jengo lilichakaa. Vyoo vilizidiwa. Wafanyabiashara wa jirani walilalamika, wakuu wa mji walilalamika, na miongoni mwa washirika wa kanisa wako waliochoka wakauliza kama ni haki wao kuswali katika harufu na msongamano ule. Mwishoni mwa Desemba 2014 makazi yale yalifungwa. Mtu anaweza kubishana kama yaliendeshwa vizuri au vibaya. Wenyeji wa mji hubishana mpaka leo. Lakini mtu aliyefukuzwa Alexandra usiku na mtoto mgongoni hakuwa na wakati wa kubishana. Alihitaji mlango, na imani ya watu wengine ilimpa mlango.

KASORO NAZO TUZITAJE

Nisije nikaonekana nimepaka rangi. Yule mama wa ghorofa ya tatu mwenyewe alinieleza kasoro za jumuiya yao, kwa uwazi ulionifundisha kitu. Wanaume hawaji, wengi huwaachia wake zao, kisha wakataka kujua michango imekwenda wapi. Fedha huleta maneno. Siri iliyosemwa katika hatua ya tano huweza kukutwa sokoni asubuhi. Kule nyumbani, aliniambia, wako watu wanaohudhuria kwa sababu moja tu: bila kutambuliwa na jumuiya, padri huweza kusita kubatiza mtoto, kufungisha ndoa, hata kuongoza mazishi. Mtu wa namna hiyo huja kuandikisha jina, haji kubeba kiti.

Nikamwuliza, "Kama ni hivyo, mbona hamjaacha?" Akasema, "Papa, tukiacha, nani atajua nani hayupo?"

TOFAUTI YETU NA YAO

Ni lazima pia niseme wazi, asije msomaji akadhani nawaita watu watoke katika dini yao. Sisi na Wakristo tunatofautiana katika jambo la msingi. Tunamwamini Isa mwana wa Mariamu, amani iwe juu yake, kuwa ni nabii na mjumbe mtukufu. Wao wanamwamini kuwa ni Mwana wa Mungu. Tofauti hiyo haifutwi na uji wala na kiti. Jirani zangu wanaijua, nami naijua, na heshima yetu imekaa vizuri zaidi kwa kuwa hakuna anayemlaghai mwenzake.

Lakini historia yetu wenyewe inatufundisha kutambua wema unapotoka kwa wengine. Waislamu wa mwanzo walipozidiwa na mateso ya Makka, mnamo mwaka 615, Mtume (S.A.W.) aliwaelekeza Uhabeshi, kwa mfalme Mkristo, Najashi, ambaye kwake hakuna adhulumiwaye. Jaafar bin Abi Talib alisimama mbele yake akaeleza dini yetu pasipo kuficha kitu, na mfalme yule akakataa kuwarudisha wakimbizi kwa maadui wao. Wahamiaji wa kwanza wa Kiislamu waliokolewa na mlango wa Mkristo. Sisi wahamiaji wa leo hatupotezi kitu tukilikiri hilo.

NA SISI JE?

Swali lililonitoa usingizi halikuwa juu ya Wakristo. Lilikuwa juu yetu. Je, hatua ya sita sisi hatuna?

Tunayo, na tulikuwa nayo mapema. Kabla haujajengwa msikiti wowote, Waislamu wa Makka walikutana katika nyumba ya al-Arqam, wachache, kila mmoja akimjua mwenzake kwa jina na kwa shida yake. Walipofika Madina, Mtume (S.A.W.) aliwafunga udugu Muhajirina na Ansari, mtu kwa mtu, nyumba kwa nyumba, hakuwaambia wapendane kwa jumla tu. Zaka ina watu wake waliotajwa. Kumzuru mgonjwa na kusindikiza jeneza ni haki ya Mwislamu juu ya mwenzake. Hata sala yenyewe ya jamaa ina thawabu kubwa kuliko ya peke yako, na wanavyuoni wetu wametufundisha kwamba katika hekima zake ni watu kujuana: fulani haonekani, ana nini?

Kule kwetu mambo haya yalijiendesha. Palikuwa na baraza mbele ya nyumba. Mzee asipoonekana barazani Alasiri, kabla ya Magharibi mtu alikwisha kupiga hodi. Bibi asiposikika akitwanga, jirani alichungulia. Palikuwa na kisomo, palikuwa na maulidi, palikuwa na chama cha kuzikana. Hatukuhitaji daftari, kwa sababu mtaa wenyewe ulikuwa daftari.

Tulipovuka Limpopo tuliibeba sala, tukaiacha baraza. Majengo ya Johannesburg hayana baraza. Yana milango ya chuma na kufuli. Msikiti tunaoswali ni wa watu wa lugha nyingi, na baada ya salamu kila mtu anakimbilia kibanda chake, zamu yake, teksi yake. Tunakutana kwa uhakika katika mambo mawili tu: harusi na maiti. Maiti akitokea, alhamdulillahi, tunachanga hata wasio na kitu, na mwili unasitiriwa au unasafirishwa. Lakini tazameni aibu yake: tunamjua mtu vizuri zaidi akiwa amefunikwa sanda kuliko alipokuwa akiumwa siku tisa ghorofa ya tano.

Siwaambii tuwaige Wakristo katika ibada yao. Hilo si letu. Nasema turudishe baraza. Baada ya tukio lile mimi na ndugu wawili wa jengoni tulinunua daftari. Tulipita mlango hadi mlango, kwanza kwa Waislamu. Tulikuta nyumba kumi na moja. Nilizokuwa nikizijua zilikuwa nne. Katika moja ya zile saba alikuwamo mzee wa Kiunguja, fundi cherehani aliyepungua macho, ambaye Ramadhani nzima iliyopita alifuturu peke yake kwa mkate na chai, ghorofa mbili juu ya kichwa changu. Nilipompa shikamoo akaniuliza, "Marahaba mwanangu. Wewe ni wa jengo gani?"

Tangu hapo utaratibu wetu umekuwa mwepesi, nami nauandika hapa ili anayependa auchukue:

Kwanza, nyumba zisizidi kumi na tano. Zikizidi, zigawanywe, maana watu wengi hawajuani.

Pili, tukutane mara moja kila wiki mbili, kwa zamu. Kisomo kifupi, kisha chai. Asiye na chai asione haya; maji yanatosha.

Tatu, kabla ya dua ya mwisho daftari lifunguliwe: nani hayupo, nani mgonjwa, nani hana kazi, nani karatasi zake zinakwisha muda, nani mgeni. Kila jina liandikiwe mtu atakayekwenda na siku atakayokwenda.

Nne, mfuko uwe mdogo na hesabu isomwe mbele ya wote kila mkutano. Fedha zisizosomwa huzaa fitina.

Tano, kinachosemwa hapo kibaki hapo.

Sita, jirani asiye Mwislamu aandikwe pia. Haki ya jirani katika dini yetu haikuwekewa sharti la dini yake.

KWA KUMALIZIA

Mama wa Tanga alipona. Mwaka uliofuata mama yake mzazi alifariki kule nyumbani, naye hakuwa na uwezo wa kwenda kuzika. Tukamfanyia khitma jengoni. Watu walikuwa wengi kuliko vikalio, tukawa tunatandika mikeka mpaka jikoni na wazee bado wamesimama.

Ndipo tukasikia kishindo ngazini. Viti vyeupe na vya buluu vilikuwa vinapanda, vimebebwa na fundi wa magari, mlinzi wa usiku na yule mshonaji. Hakuna aliyewaita, jina la mfiwa lilikuwa limeandikwa Jumatano. Waliwakalisha wazee wetu, wakampa pole mfiwa, kisha wakatafuta nafasi yao wenyewe. Walikaa karibu na mlango, kimya, mpaka tulipomaliza dua.

Mlango ulikuwa wazi. Mwenyezi Mungu atujaalie tusiufunge tena, awaponye wagonjwa wetu, awarehemu maiti wetu, na atusitiri sisi na majirani zetu katika mji huu wa ugeni. Amin.

Wabillahi tawfiq.